Mombasa hadi Lamu na friji nyuma: siku sita na waya mmoja mbovu

Tumerudi Kisauni wiki mbili sasa. Haya nimeyaokota kwenye daftari la mke wangu, ambaye safarini ndiye mwekahazina na hata shilingi kumi ya choo huiandika, na kwenye picha za simu yangu, ambazo nusu yake ni za mgongo wa friji. Waliotaka picha za Lamu wanisamehe.

Kwanza gari. Ni Hiace ya dizeli, zamani matatu. Tuling'oa viti, tukatia kitanda, meko, sinki na friji ya lita 60. Friji niliinunua Malindi mwaka jana kwa shilingi 18,000, kwa Mtaliano aliyekuwa akiuza vyombo vyake arudi kwao. Ni ile ya magari ya kulala, inayokula vitu vitatu: gesi, stima ya nyumbani ya volti 240, au umeme wa gari wa volti 12. Haina mota wala haingurumi. Ndani ya mabomba yake mna maji yenye amonia, yakipashwa moto amonia inapanda, inazunguka, na huko inakozunguka ndiko inakonyonya joto la ndani ya sanduku. Mamamkwe nilipomweleza alinitazama kwa muda. "Moto ndio unaoleta baridi? Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Yeye ndiye sababu ya safari. Mdogo wake yuko Lamu, mtaa wa Langoni, hawajaonana miaka minne. Basi halimfai, ana miguu na ana sukari, na insulini yake inataka baridi. Nikajigamba: Mama, tutakwenda na friji.

Siku ya kwanza, Alhamisi: Mombasa – Gede – Malindi

Tulitoka saa mbili asubuhi tukakaa Mtwapa saa nzima. Foleni ya Mtwapa anayeijua anaijua. Baada ya daraja la Kilifi tulinunua korosho pakiti mbili (400) na mabuyu (50).

Friji ilikuwa kwenye volti 12. Waya niliuvuta mwenyewe, ule wa taa za nyumba uliobaki tulipojenga jikoni, kutoka betri moja kwa moja hadi nyuma. Taa nyekundu ya friji ikawaka, nami nikaona nimemaliza.

Gede tulisimama kula na kumwonyesha Mama magofu. Wali wa nazi na samaki wa kupaka, 350 kwa sahani, sahani iliyojaa. Tukaswali, Mama akanyoosha miguu chini ya mti, mke wangu akapiga picha kima waliokuwa wakiitamani ndizi yake. Saa tatu zikapita. Naingia kwenye gari, nageuza ufunguo: tik. Tena: tik. Kisha hata tik haikuja.

Friji ilikuwa imeinyonya betri muda wote tuliokula. Friji hizi za zamani kwenye volti 12 hazina kipimo cha kujizima. Zinavuta ampea kumi hivi bila kupumzika, injini ikiwa inazunguka au imelala. Betri yangu nayo ni ya miaka mitatu.

Walikuja bodaboda wawili, mlinzi wa duka na kijana wa madafu. Gia ya pili, mguu kwenye klachi, wakasukuma, nikaachia, gari likakohoa likawaka. Nikatoa mia tano. Wakachukua mia mbili ya soda, iliyobaki wakairudisha dirishani. Kijana wa madafu akamletea Mama dafu lililokwisha kukatwa. Mama ana sukari; akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na tulipovuka kona akampa binti yake.

Hapo ndipo nilipofungua friji. Kipimajoto: nyuzi 17. Tulipotoka nyumbani ilikuwa 6. Kwa hiyo hata tulipokuwa tukienda, taa ikiwaka, friji ilikuwa ikipata joto polepole.

Mama hakusema neno. Afadhali angesema. Alivuta kutoka chini ya kitanda chungu chake, yaani chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Asubuhi nilikuwa nimenung'unika kwamba kinakula nafasi. Akazifunga chupa zake ndani ya mfuko wa nailoni, akazitia, akafunika, akamimina maji kwenye mchanga.

Kwa mwenye mgonjwa wa sukari nyumbani: insulini ambayo haijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa, aina nyingi hustahimili wiki nne hivi nje ya friji mradi joto lisizidi 30 (ya kwako muulize mfamasia). Chungu hapa Pwani hakifanyi maajabu kama bara kwenye hewa kavu, kwa sababu maji hayakauki haraka. Siku ile nje ilikuwa 33, ndani ya chungu 28. Lakini 28 si 33.

Malindi tuliingia saa kumi na moja jioni bila kuzima injini hata mara moja, hata pale mke wangu alipotaka kununua maembe. Tulilala kwenye uwanja wa nyumba ya wageni, 1,500 kwa gari pamoja na stima. Nikachomeka friji ukutani.

Siku ya pili, Ijumaa: Malindi, kwa fundi

Asubuhi friji ilikuwa nyuzi 5. Kumbe ni nzima. Nilikuwa nimeshaanza kumlaumu yule Mtaliano. Nikaomba radhi moyoni.

Mwenye nyumba alinielekeza kwa fundi wa umeme wa magari, mtu wa makamo mwenye kibanda cha mabati na redio ya taarabu. Malindi mafundi wengi wameshika Kitaliano kidogo kwa sababu ya wateja, na huyu kila nikimharakisha alinijibu "piano, piano", yaani polepole. Alimwamkia Mama shikamoo, akamtolea kiti kivulini, ndipo akaja kwenye gari.

Hakugusa friji kabisa. Alisema niwashe injini, akaweka mita kwenye betri: 14.1. Akaenda nyuma, akachomeka zile sindano mbili pale waya unapoingia kwenye friji: 10.4. Akanionyesha kioo cha mita kama mtu anayemwonyesha mtoto alama zake za mtihani.

"Volti karibu nne zimekwenda wapi?"

Tukazitafuta. Waya wangu ulikuwa wa milimita za mraba moja na nusu, na kutoka mbele hadi nyuma na kurudi ni mita 12. Huo peke yake unakula volti moja na kidogo. Zilizobaki tulizikuta mahali pawili. Chini ya zulia nilikuwa nimeunga waya kwa kusokota na utepe mweusi. Utepe ulikuwa umeyeyuka ukawa kama lami, na fundi alipoushika aliurudisha mkono upesi. Halafu ule waya wa kurudi, ambao mafundi huuita athi, nilikuwa nimeufunga kwa skrubu kwenye bodi kule mbele, juu ya rangi. Akaifungua skrubu. Chini yake palikuwa na duara ya rangi ile ile nyeupe ya gari, safi, haijaguswa. Umeme ulikuwa ukipita kwenye nyuzi za skrubu tu.

Akanifanyia hesabu kwa chaki kwenye ubao wa mlango. Friji imeandikwa wati 120 kwa volti 12. Lakini hiyo ni waya wa kupasha moto kama wa pasi, na nguvu yake haishuki sawa na volti, hushuka zaidi. Kwa 10.4 inabaki wati 90. Kwa 13.8 inafika karibu 160. "Friji yako imekuwa ikipikiwa kwa mshumaa," akasema.

Alitumia kebo ya kuchomelea, ile nene ya milimita 16, nyekundu kwa kwenda na nyeusi kwa kurudi, hakutaka kuitegemea bodi tena. Fyuzi ya ampea 30 akaiweka shubiri moja kutoka betri. Hapo alikazia: fyuzi hulinda waya, kwa hiyo hukaa pale umeme unapoanzia, ukiiweka kando ya friji, waya ukichubuka njiani gari linaungua fyuzi ikitazama. Kisha rilei, yaani swichi inayojifunga yenyewe ikiamshwa na oltaneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka. Injini ikizunguka rilei inafunga njia, friji inakula. Injini ikizimwa inaachia, betri inabaki kuwa ya stata, ya kuwashia gari.

Saa sita akafunga kibanda, tukaenda Ijumaa pamoja. Baada ya swala akamalizia kwa kutia feni ndogo ya kompyuta mgongoni mwa friji, na kulipanua tundu la hewa ubavuni mwa gari. Joto linalotoka ndani ya sanduku lazima lipate pa kwenda; likirundikana mgongoni, friji ya aina hii inachoka, na kwa joto la Januari huku ndiyo kabisa.

Daftari la mke wangu: kebo mita 12 kwa 600, 7,200. Rilei 500. Fyuzi na nyumba yake 400. Vichwa vya shaba sita, 480. Feni 300. Ufundi 2,500. Jumla 11,380. Kando yake ameandika kwa herufi ndogo: "waya wa bure".

Mita ya mwisho: 14.1 mbele, 13.8 nyuma.

Nilimuuliza kwa nini nisiendeshe na gesi tu, mbona wengine hufanya hivyo. Akasema anawajua. Nami tangu siku ile sitaki. Ni moto ulio wazi ndani ya gari linalorukaruka na mpira wa gesi unaoweza kuchomoka, halafu unaingia nao kituo cha mafuta. Gesi ni ya kuegesha. Usiku ule stima ilikatika saa saba, nikaamka nikawasha gesi, ikatufikisha asubuhi. Haili sana, gramu mia tatu hivi kwa siku, mtungi wa kilo sita ni wa wiki mbili na zaidi. Ila gari liwe sawasawa, lisilale upande. Mimi hupima kwa glasi ya maji juu ya friji. Gari likiwa mwendoni haidhuru, mtikisiko unasaidia. Likiegeshwa mshazari yale maji ya amonia hutuama na friji husimama kimya bila kukuambia.

Anayeanza leo na ana pesa anunue ya kompresa ya volti 12, yenye mota kama friji za nyumbani. Inavuta ampea nne au tano, hupumzika ikishapoa, haijali mteremko, na nyingi hujizima zenyewe betri ikishuka. Bei ndiyo iliyonishinda. Na kama gari lako ni la miaka hii, lenye oltaneta inayojipunguza betri ikijaa, rilei ya kawaida haitakutosha. Utahitaji chaja ya kutoka betri hadi betri.

Siku ya tatu, Jumamosi: Malindi – Garsen – Mokowe

Dizeli lita 40 jana jioni. Tukatoka baada ya alfajiri, friji nyuzi 4 kwa kuwa imelala kwenye stima na gesi usiku kucha. Hili lishikeni: volti 12 ni ya kuhifadhi baridi, haikuanzishii. Ukitia vitu vya moto kwenye friji yenye joto ukaondoka, utafika navyo vikiwa vuguvugu.

Daraja la Sabaki, mto mwekundu kama chai ya rangi. Gongoni na chumvi zake. Halafu barabara nyoofu ambayo sina la kusema juu yake hadi Garsen, tulipokunywa chai na mahamri (tatu kwa 30) na kuupita Mto Tana. Nyuzi 6.

Kutoka Garsen kwenda Witu na Mokowe ni lami nzuri, na vizuizi vya polisi ni vingi. Njia hii husafiriwa mchana, uwe na kitambulisho mkononi, na uulizie hali ya njia Malindi au Garsen kabla ya kuendelea. Kwenye kizuizi kimoja askari alitaka kuona nyuma. Akafungua kitanda, akafungua sinki, akafungua friji. Akaweka mkono ndani. Akauacha. Jua la saa nne lilikuwa likimwangukia kofiani. "Hii inafanya kazi gari likienda?" Nikamwambia ndiyo, afande. Akaona dawa, akauliza ni za nani, akamwendea Mama dirishani kumwamkia. Mke wangu akampa chupa ya maji baridi. Hata karatasi za gari hakurudi kuziangalia.

Witu tulinunua maembe, ndoo ndogo kwa 150, matamu hadi kwenye kokwa. Mokowe saa sita kasoro, nyuzi 7, nje 34.

Siku ya nne na ya tano: Lamu

Gari haliendi Lamu, linabaki Mokowe. Maegesho karibu na gati 300 kwa usiku, mashua 200 kwa mtu. Nahodha alimwinua Mama kwa mikono kama anayepakia yai.

Friji nilizima. Siachi gesi ikiwaka ndani ya gari lisilo na mtu, na betri sikutaka kuigusa. Ukizima, toa kila kitu, ipanguse, na uuache mlango wazi kwa kuubana na kitambaa, la sivyo utarudi ukute ukungu na harufu ya kiatu. Dawa za Mama zilivuka bahari ndani ya chungu, chungu kikapanda punda hadi Langoni, zikaingia friji ya mama mdogo.

Ya Lamu mengine mnayajua. Madada wawili walishikana mikono barazani wakalia, wakacheka, wakaanza kugombana juu ya mwaka wa harusi ya mtu fulani. Tukala mkate wa mofa kwa mchuzi wa samaki, jioni kahawa chungu. Jumatatu nilikwenda pwani mashua zikirudi, nikanunua nguru wa kilo tano kwa 600 kilo. Mama mdogo akamkata mapande, akayagandisha usiku kucha hadi yakawa mawe. Hilo ndilo wazo bora la safari nzima, na halikuwa langu: samaki mwenyewe akawa barafu.

Siku ya sita, Jumanne: Mokowe – Malindi – Mombasa

Mashua ya kwanza. Mapande yakajaza sehemu ya juu ya friji, chini mtindi na dawa. Injini, tik ya rilei, taa nyekundu. Asubuhi ilikuwa ya upepo, feni inazunguka, volti zimeshiba.

Garsen nikafungua kwa majivuno. Nyuzi 1. Mtindi uliogusa yale mabati ya kupoza mgongoni ulikuwa na vipande vya barafu.

Insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka tena. Nilihisi tumbo likinishuka. Lakini chupa hazikuwamo pale nilipoziweka. Mama alikuwa amezihamishia kwenye kishubaka cha mlangoni tulipokuwa Witu, zimefungwa taulo mara mbili. Nikatia kipimajoto ndani ya taulo: 5.

"Juzi ilikuwa haipoi," akasema, "leo inagandisha. Kitu kisicho na kiasi hukiwekei dawa mgongoni."

Kwa vile kwenye volti 12 haina kidhibiti, fundi alikuwa amenitilia swichi karibu na usukani, nami nikaisahau. Kutoka Garsen nikawa nazima nusu saa, nawasha saa moja. Ikakaa kati ya 4 na 6 hadi Malindi.

Saa saba tulipita kibandani kwa fundi. Mke wangu akamfungia pande la nguru kwenye gazeti, zito, bado gumu. Alilipokea, akaliweka juu ya redio, akaniambia nisizime. Akachukua mita, akaenda nyuma. 13.7. Akatazama pale kebo nyeusi ilipofungwa, akapapitisha kidole, akarudi.

"Sasa nashukuru kwa samaki," akasema.

Mombasa tuliingia saa mbili usiku, Mtwapa ikiwa vile vile. Chungu kiko jikoni kwetu. Mama amesema kisirudishwe chini ya kitanda, safari ya Vanga kitakaa mbele.